Majina Sitini na Moja

Jumatatu, 22 Septemba

Chuo kinataka daftari. Kila mwanafunzi aliye kwenye atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, aandike kila siku kazi aliyofanya, msimamizi atie sahihi kila Ijumaa, na mhadhiri aje Novemba kulisoma. Leo nimeandika: "Nimefahamishwa shughuli za ofisi." Uongo mtupu! Leo nimepangusa vumbi na kunywa vikombe vinne vya chai. Ndiyo maana nimenunua daftari hili la pili.

Haya, ukweli ni huu. Naitwa Rwamba, nimemaliza mwaka wa pili wa digrii ya biashara kule Nchiru, na sitaki kurudi. Anayeacha masomo anapaswa kupeleka barua kabla ya tarehe tisa Januari. Gatwiri, tuliyekuwa tukikaa naye chumba kimoja hosteli, aliacha Mei. Sasa yuko kwao Kianjai anasomea ufundi wa sola, anapanda mapaa ya watu na kunitumia picha akiwa huko juu na helmeti. Ameniwekea nafasi darasani kwao.

"Toka huko mapema," ananiambia kila siku. "Kazi tuliyokuwa tunasomea ishachukuliwa na AI. Hakuna AI itapanda paa la mtu Tigania."

Baba hajui lolote.

Jumatano, 24 Septemba

Baba huniita Maitu, yaani mama yangu. Mimi ni binti wake wa kwanza, kwa hiyo nilipewa jina la mamake, na kwetu ukipewa jina la mtu umekuwa yeye. Baba hawezi kunichapa wala kunitusi, maana atakuwa anamtusi mamake. Mama naye akinikasirikia huniita mama mkwe. Nimekua nikiitumia nafasi hiyo vibaya sana na wala sijutii.

Jioni amerudi na mbuzi wake, na kabla hata hajaweka fimbo chini: "Maitu, ofisi iko aje? Meneja amekaa kwa kiti yake?"

"Sina kiti, Baba. Nakaa juu ya gunia."

"Kila meneja alianzia kwa gunia."

Ametangaza soko lote la Ishiara kwamba binti yake atakuwa meneja. Nikipita, watu ambao sijui hata majina yao wananiuliza nitawaajiri lini. Nitaanzaje kumwambia?

Jumatatu, 29 Septemba

Ofisi ni ya ushirika wa wakulima wa ndengu. Vyumba viwili, ghala moja, na Celina. Celina ndiye karani, ndiye msimamizi wangu, ndiye mpishi wa chai. Ana miaka hamsini na tisa, amekaa hapo ishirini na saba, anastaafu Desemba. Anavaa sweta kwenye joto hili la Mbeere linalopasua mawe. Mtu akiingia, kabla hajasema shida yake Celina ameshamuuliza habari ya goti la mumewe.

Leo nimemuuliza kama digrii inaweza kunipa kazi yake akiondoka. Akaniangalia juu ya miwani.

"Kwani unataka kuniua?"

Kisha akaniongezea sukari.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mwenyekiti amekuja na kompyuta mpya yenye akili mnemba. Akatuita tuone maajabu. Akaiambia kwa mdomo, kwa Kiswahili chake cha mikutano, iandike barua kwa kaunti kuhusu barabara, kisha mpango wa msimu mzima: nani apande nini, tununue mbegu kiasi gani, tuuze lini na wapi. Celina alikuwa anapima majani ya chai. Kabla hajafunika sufuria, mpango ulikuwa umekamilika, una majedwali na rangi.

Mpango wa aina hiyo mimi niliuandika mwaka jana kwa muhula mzima. Nililia mara mbili. Nilipata alama hamsini na nane.

"Kajamaa kanajua," Celina akasema.

Nilijiona kama mtu aliyemaliza kujifunza kutwanga siku mashine ya kusaga inafunguliwa kijijini. Nimempigia Gatwiri, nimemwambia aniwekee hiyo nafasi kwa jina langu kamili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo nimefanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza. Oda ya mbegu inaenda kesho na orodha ya wanachama ilikuwa aibu tupu: vitabu vitatu, mwandiko wa watu watano, majina mia nne na kumi na mawili. Celina alikuwa Embu kushughulikia makaratasi yake ya kustaafu. Mwenyekiti akaniambia, "Msomi, nisafishie hii."

Nikaipa kompyuta. Ikaniambia majina sitini na moja yameandikwa mara mbili: jina lile lile, kijiji kile kile, namba ya simu ile ile. Ikaniuliza, niyaunganishe? Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza, yote? Nikabonyeza ndiyo. Dakika tisa. Wamebaki mia tatu hamsini na mmoja, wamepangwa vizuri kama wanafunzi asubuhi ya mtihani.

Mwenyekiti amenisifu mbele ya watu wa ghala. Nimefurahi, halafu njiani nikashikwa na uchungu, kwa sababu nimesifiwa kwa kubonyeza tu. Hata mbuzi wa Baba akifundishwa angebonyeza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Joto. Mawingu ya kutudanganya.

Alhamisi, 16 Oktoba

Joto. Mama kaniita mama mkwe mara tatu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mbegu zimefika. Mifuko mia tatu hamsini na mmoja, kila mwanachama mmoja.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua! Mvua kubwa! Baba amesimama nje akalowa makusudi, kofia mkononi, anacheka peke yake. Huku kwetu mvua hii ya Oktoba ndiyo ya kutegemea, na ndengu lazima ziingie ardhini siku hizi hizi. Ukichelewa wiki mbili, mvua inakukatikia maua yakiwa kwenye mti na umebaki na kuni. Mbegu za nyumbani watu hawana, msimu uliopita ulikuwa wa njaa na zilizobaki zimeliwa na wadudu. Wote wanangoja Jumatatu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nitaandika yote.

Leo ni sikukuu ya Mashujaa lakini hakuna aliyekumbuka mashujaa. Kufikia saa moja asubuhi foleni ilikuwa imefika barabarani. Mimi nilikuwa ndani nasoma majina, vijana wa ghala wanatoa mifuko. Mpaka saa tatu mambo yalikuwa mazuri. Halafu akaja mzee mmoja, Nyaga Mwaniki. Nikamwambia amechukua tayari. Akasema hajachukua. Nikamwonyesha alama. Akasema, "Huyo ni mjukuu wangu."

Nikaacha kusoma majina.

Ngai! Mimi, binti ninayeitwa Maitu na baba yangu mzazi, nilifanyaje jambo hili? Huyo mzee ni Nyaga mwana wa Mwaniki. Alizaa mwana akampa jina la babake, Mwaniki. Mwaniki naye akazaa mwana, akampa jina la babake, Nyaga. Kwa hiyo babu ni Nyaga Mwaniki na mjukuu ni Nyaga Mwaniki, boma moja, na simu ni moja, ya mjukuu. Nusu ya Mbeere iko hivyo! Mtoto wa chekechea hapa anajua. Kompyuta haikujua, na iliniuliza mara mbili, na mara mbili mimi niliyejua nikabonyeza ndiyo.

Sitini na moja. Na oda ilikuwa imefuata orodha yangu. Ghala lilikuwa na mifuko ya waliobaki tu, hakuna hata kilo moja ya ziada.

Walianza kukusanyika nje. Nikasikia sauti moja juu ya zote, ya Ruguru Njiru. Huyu ni mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, ana shamba lake karibu na mto na mdomo unaojulikana mpaka Siakago. Marehemu mumewe, Njiru, alioa mwanamke mwenye jina la mamake, kisha binti yao akapewa jina la nyanya. Mama ni Ruguru Njiru, binti ni Ruguru Njiru, simu moja, lakini kila mmoja na shamba lake. Binti alikuwa ameshapewa mfuko.

"Mnaniambia mimi na mtoto niliyemzaa ni mtu mmoja?" alikuwa anapiga kelele. "Nilipokuwa naumwa uchungu nilikuwa najizaa? Nani ameniua kwa karatasi? Atoke!"

Niliangalia nyuma kumtafuta Mwenyekiti, sikumwona. Celina alikuwa ndio anaingia. Nikatoka. Sijui kwa nini nilitoka, miguu ndiyo iliamua. Nikasema, "Ni mimi."

Alinitusi kwa Kimbeere kizuri sana, nusu ya maneno sikuwa nimewahi kuyasikia. Wengine wakaongezea. Mvua ikaanza tena na hakuna aliyesogea. Nikabaki nikirudia kwamba ni mimi, nitarekebisha, bila kujua nitarekebisha na nini.

Walipotawanyika, Celina alichukua orodha akaisoma, kidole kikishuka jina kwa jina. "Huyu ni babu. Huyu ni mjukuu. Huyu na huyu ni wake wenza. Huyu alikufa, lakini huyu hajafa." Alipomaliza akavua miwani.

"Ulimuuliza nani?"

"Kompyuta."

"Nilikuwa Embu tu, Rwamba. Na simu ninayo."

Afadhali angenichapa.

Nyumbani nikamwambia Baba kuhusu mbegu. Kuhusu chuo sikuthubutu. "Kesho tutaenda kwa Ruguru," akasema. "Makosa ya mtu mzima hayaombewi msamaha kwa simu."

Jumanne, 21 Oktoba

Tumeenda. Baba amevaa koti la kanisani na amebeba maziwa. Ruguru alikuwa analima kwa hasira shamba ambalo hana cha kupanda. Hakutukaribisha kuketi.

Baba akavua kofia. "Mama Munene," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "nimekuja kwa ajili ya mama yangu. Mama yangu amekukosea."

Ruguru akaniangalia, akamwangalia Baba, na nikaona anajaribu kukaza uso. Haukukazika. Akacheka mpaka akashikilia jembe. "Njuki, mama yako ana miaka ishirini na mmoja na amenifuta duniani!"

"Ni kweli. Bado anakua."

Akayapokea maziwa. Lakini tulipoondoka alinishika mkono, kicheko kimekwisha. "Maziwa sipandi, msichana. Niletee mbegu."

Alhamisi, 23 Oktoba

Celina nami tumezunguka boma kwa boma, wote sitini na mmoja. Wengine wamegawiwa nusu mfuko na jirani au mwana, na Mungu awabariki. Ruguru amekataa kugusa mfuko wa bintiye. "Yeye ana watoto watatu wa kulisha." Mbegu Embu hakuna. Duka baada ya duka, hakuna.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimempigia Gatwiri nikilia. Amezunguka Meru nzima kwa pikipiki na helmeti yake ya sola. Amepata duka lenye mbegu, ila zinatoka bohari, zitachukua siku kadhaa; ushirika utalipia. Huyu msichana nitamfanyia nini mimi?

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua. Kila tone naliona shambani kwa Ruguru, kwenye udongo mtupu.

Jumatano, 29 Oktoba

Zimefika! Siku tisa zimepotea. Nimepeleka mifuko mwenyewe. Ruguru alianza kupanda kabla sijashuka kwenye pikipiki. Nikavua viatu nikapanda naye. Hakunishukuru, na alikuwa na haki.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeieleza kompyuta desturi yetu ya majina, taratibu, kama ninavyomweleza mgeni. Ikairudia orodha kwa dakika nne. Si hivyo tu. Ikauliza kama kuna wajane walioandikwa kwa majina ya waume wao waliokufa. Walikuwepo wawili! Celina mwenyewe alikuwa amewasahau.

"Kajamaa kamenishinda," akasema. Alisema kwa furaha kabisa. Mimi ndiye niliyenuna. Nilitaka sana kajamaa kawe kajinga.

Sasa niseme ukweli wangu wote. Chombo hiki kinajua kuandika, kinajua hesabu, na ukikieleza mara moja kinajua hata ukoo wetu. Mimi nitauza nini?

Ijumaa, 14 Novemba

Mhadhiri amekuja, Dkt. Kagure. Kafika na vumbi la Ishiara mpaka kwenye kope. Akalisoma daftari la chuo ukurasa kwa ukurasa. Tarehe ishirini Oktoba nilikuwa nimeandika ukweli hata humo, kwa sababu Celina alisema hatii sahihi uongo wa ukubwa huo.

"Wanafunzi ishirini na wanane nimewatembelea," Dkt. Kagure akasema. "Madaftari yote yanasema 'nimejifunza mengi na kupata uzoefu mkubwa.' Maneno yale yale, nukta pale pale. Mnafikiri sijui yametoka wapi? Hili ndilo la kwanza ambalo mtu amekosea."

Nikamsindikiza mpaka kwenye gari. Nikajikaza. "Mwalimu, niambie ukweli. Hii digrii ina kazi mbele?"

Akashika mlango wa gari. "Ule mtihani niliowapa mwaka wa kwanza, juzi niliipa AI. Ilipata themanini na nne."

"Sasa tunasomea nini?"

"Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na jibu zuri sana. Sasa nina binti kidato cha tatu, anataka kusomea biashara kama mamake. Akiniuliza swali hilo, mimi huenda kuosha vyombo."

Tukacheka, lakini hakuna aliyekuwa na furaha. Nampenda huyu mwalimu kuliko zamani. Ila nilitaka jibu.

Alhamisi, 20 Novemba

Ndengu za watu zina maua. Za Ruguru zinafika kwenye kifundo cha mguu.

Ijumaa, 28 Novemba

Manyunyu. Celina anafunga sanduku la karatasi zake, kila moja anaiaga.

Jumanne, 2 Desemba

Jua.

Ijumaa, 5 Desemba

Jua. Ndengu za Ruguru ndio zinaanza kutoa maua. Nilipita kwake nikamkuta amesimama kati ya mistari, ameangalia juu, mikono kiunoni. Nilikata kona kabla hajaniona. Naandika haya kwa aibu.

Ijumaa, 12 Desemba

Mkutano mkuu. Ajenda ya nne: karani mpya. Mwenyekiti akasema hakuna haja, kompyuta inatosha, mwanachama mwenye shida atapiga namba na kuhudumiwa papo hapo hata kwa Kimbeere. Watu wakapiga makofi.

Ruguru akasimama. "Nikifutwa tena nitampigia nani kelele?"

"Utapiga namba, Mama Munene."

"Hiyo namba inakaa boma gani?"

Wakacheka, hata Mwenyekiti akacheka, halafu wakainua mikono na ikapita. Hakuna karani tena. Celina walimpa blanketi na wimbo. Aliimba nao, mikono juu, sweta na yote. Mimi nililia kuliko yeye, mpaka akanitoa nje.

"Unalilia kazi yangu au yako?"

"Zote."

"Mimi nimechoka, Rwamba. Nataka kulala mchana." Akanipangusa uso kwa pembe ya blanketi jipya. Miaka ishirini na saba, na hakuna hata anayefikiri kile kiti kinahitaji mtu.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimeandika barua ya kuacha masomo. Mistari sita. Niliiandika kwa mkono wangu.

Kisha nikamwambia Baba. Alikuwa anamkamua mbuzi. Nilimweleza yote: Gatwiri, sola, alama themanini na nne za mashine, ofisi isiyotaka karani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa hata nimepanga kumwambia kwamba kama mimi ni mamake, basi anitii.

Hakunigombeza. Akamaliza kukamua, akasimama, akasema, "Sawa, Maitu." Akaingia ndani na maziwa.

Sawa gani hiyo? Baba ambaye hubishana na wachuuzi wa soko zima kwa ajili ya mguu mmoja wa mbuzi! Nimekaa nje nikimngoja arudi tubishane. Hakurudi.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Kanisani mtu kamuuliza Baba habari za meneja wake. Akasema, "Yuko mzima." Basi.

Ijumaa, 2 Januari

Watu wanavuna. Binti wa Ruguru amepata magunia mawili na nusu. Ishiara yote inanuka maganda makavu.

Jumatatu, 5 Januari

Nimeenda kumsaidia Ruguru kuvuna. Sikuitwa. Saa nne tulikuwa tumemaliza shamba zima, na hapo ndipo nilipojua. Maganda mengine ukiyafungua ndani hakuna kitu. Tulitandika turubai, tukapura, tukapepeta. Debe moja na nusu. 

"Ni mimi," nikasema. "Hizi siku tisa ni zangu."

"Najua ni zako." Akakaa chini kwenye turubai, akanyoosha miguu. "Unarudi shule lini?"

Nikamwambia sirudi. Nikamweleza kama nilivyomweleza Baba, ila kwa haraka, maana nilikuwa nimechoka kujisikia. Alisikiliza akichagua mawe kwenye ndengu. Halafu akaacha kuchagua.

"Ile siku ya mbegu, unajua nilianza kupitia wapi? Nilipitia nyuma ya ghala. Nikamkuta Mwenyekiti anapanda pikipiki. Ati ana mkutano Embu. Sikukuu! Mkutano na nani? Nikazunguka mbele nikitafuta mtu wa kumla mzimamzima, na ukatoka wewe. Ulikuwa unatetemeka kama mwana-mbuzi wa jana."

"Nilikuwa naogopa."

"Nyamaza, naongea. Mimi nilikutusi. Nilikutusi wewe na nyanya yako uliyepewa jina lake, Mungu anisamehe. Nilikuwa nangoja useme ni kompyuta. Ungesema hivyo ningekurukia, haki ya Mungu. Ukasema ni mimi."

"Lakini ilikuwa ni mimi."

"Sasa si ndiyo nasema!" Akapiga turubai kwa kiganja, ndengu zikaruka. "Yule aliyetoroka anabaki ofisini na kompyuta yake. Wewe uliyetoka nje unapanda paa Kianjai. Hiyo elimu ya biashara tumewaachia wenye kutoroka? Nikifutwa mwaka kesho atakayetoka nje ni nani, na atakuwa anajua nini cha kumwambia huyo mtu akiwa na karatasi zake?"

Nikasema hakuna kazi, karani ameondolewa, yeye mwenyewe aliona mikono ikiinuliwa.

"Niliona. Mkono wangu uliinuka?"

Haukuinuka.

"Na usifikiri nimekusamehe hili debe," akaongeza. "Bado nina hasira. Shika hapo tukunje turubai."

Jumanne, 6 Januari

Nimeisoma ile barua yangu mara kumi. Hakuna uongo ndani yake. Mashine inajua zaidi yangu, kazi hazipo, sola ina kazi, yote kweli. Lakini nimegundua kwamba msimu mzima nimekuwa nikijiuliza mashine itaniachia kazi gani. Sijajiuliza hata siku moja watu watamwendea nani wakikosewa. Hapa walinijia mimi, na sikuwa na la kufanya ila kutetemeka. Sikujua hata kama kwa sheria za ushirika Mwenyekiti angeweza kulazimishwa kununua mbegu siku ile ile. Nimezitafuta leo. Angeweza! Ziko kwenye somo la mwaka wa tatu.

Nimempigia Gatwiri. Alinitukana kidogo, akacheka, akasema nafasi yangu atampa binamu yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ukiwa mkubwa, uje uniandikie vitabu vyangu vya hesabu. Nitakuwa na kampuni." Nimemwambia nitakuja.

Alhamisi, 8 Januari

Barua nimeichoma jikoni, Mama akiangalia. "Mama mkwe amepata akili," akasema, na akanikumbatia na mikono yake yenye unga.

Baba nilimfuata kwenye zizi. Nikamwambia narudi Nchiru Jumapili.

Akaendelea kufunga kamba ya mlango. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. "Na kazi ikikosekana?"

"Sijui, Baba. Huenda ikakosekana."

Akanigeukia. Sijawahi kumwona Baba na uso ule. "Maitu, kuna kitu nimekuficha. Miaka miwili nakuambia digrii ina kazi, digrii ina kazi. Mimi sikuwa najua. Mimi ni mtu wa mbuzi, ningejulia wapi? Niliogopa ukijua kwamba sijui, utaacha. Halafu siku ile uliponiambia unaacha, nikaona ni uongo wangu umenirudia, ndiyo maana sikuwa na mdomo wa kukubishia."

Kumbe! Na mimi nilifikiri amenikatia tamaa. Nilimshika mkono, ule wenye kovu la kamba.

"Nilikuwa najua hujui."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza uliponipeleka. Ulimuuliza askari wa lango watu wa biashara huajiriwa wapi."

Akashtuka, kisha akacheka, kisha akapangusa macho kwa mkono wa koti. "Ulijua? Na ukawa unaenda tu?"

"Nilikuwa naenda."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu akasema twende tukapanguse sanduku langu, limejaa vumbi la msimu mzima, na meneja hawezi kwenda na sanduku chafu.